Fedha zinavuka mitandao, hesabu za duka zinabaki daftarini

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA katika duka la jumla la Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Tegeta au Bunju jioni, wakati wa kufunga hesabu, utakuta kazi ni ile ile. Juu ya kaunta lipo daftari kubwa la mauzo, pembeni ipo mashine ya EFD, na mkononi mwa mwenye duka zipo simu mbili au tatu, kila moja na laini yake. Mauzo ya siku yanatafutwa sehemu nne: fedha taslimu zilizo katika droo, ujumbe wa malipo uliomo katika simu, risiti za mashine na orodha ya wateja wanaokopa.

Sehemu hizo nne hazizungumzi. Anayeziunganisha ni binadamu mwenye kalamu, aliyechoka, na ambaye kesho alfajiri atafungua tena. Wahenga walikwishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi madaftari yamekuwa mengi, nayo mali inapotea katikati yake.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu Tanzania si nchi iliyolala katika malipo ya simu. M-Pesa ya Vodacom ilianza hapa nchini mwaka 2008. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Wakati huo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinalijadili jambo hilo. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ilijenga mfumo wa TIPS, ulioanza kutumika kwa awamu kuanzia mwaka 2021, unaoziunganisha benki na kampuni za simu ili fedha zivuke papo hapo.

Kwa maneno mengine, fedha zimekwisha kuunganishwa. Kisichounganishwa ni taarifa ya fedha hizo na hesabu za yule aliyezipokea. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya.

Dirisha la programu

Katika miaka ya karibuni zimezuka zana zinazomwezesha mtu asiye mhandisi wa kompyuta kujenga programu ya kazi yake kwa kupanga vipande vilivyokwisha kutengenezwa, pasipo kuandika msimbo mwingi. AppSheet iliyonunuliwa na Google mwaka 2020, Power Apps ya Microsoft na Bubble ni miongoni mwa zana hizo. Kijana mwenye subira, hata kama hakusomea kompyuta chuoni, anaweza kwa siku chache kujenga programu ya wavuti yenye orodha ya bidhaa, bei, wateja na madeni, nayo ikafunguka katika simu ya kawaida.

Upande wa pili zipo programu kubwa za biashara ambazo hazikai katika kompyuta ya dukani, bali katika kompyuta za mbali, na hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Hizo ndizo zinazoitwa programu za winguni. Zoho, Odoo na QuickBooks ni mifano inayofahamika. Kazi yake ni kutunza hesabu, stoo, mishahara na ankara.

Kinachoziunganisha pande hizo mbili kinaitwa API. Ili kukielewa, msomaji afikirie dirisha la benki. Mteja haingii katika chumba cha kuhifadhia fedha. Anasimama dirishani, anajaza fomu yenye nafasi zilizopangwa, anaonyesha kitambulisho, naye karani anampa alichoomba au anamweleza sababu ya kumnyima. API ni dirisha la namna hiyo, isipokuwa wanaosimama pande zote mbili ni programu, na kitambulisho ni ufunguo wa siri wa maandishi. Lipo pia dirisha linalofanya kazi kinyume: halingoji kuulizwa, bali lenyewe hupeleka taarifa mara tukio linapotokea.

Duka la saruji na mabati

Tuchukue mfano wa kufikirika wa muuza vifaa vya ujenzi wa Mbagala mwenye duka barabarani na stoo Chamazi. Mteja anataka mabati 20 na mifuko ya saruji. Karani anaandika agizo katika programu iliyomo kwenye simu ya duka. Programu inakwenda katika dirisha la kampuni ya simu na kuomba mteja apelekewe ombi la malipo. Mteja analiona ombi hilo katika simu yake mwenyewe, anaweka namba yake ya siri, na malipo yanafanyika.

Hapo kampuni ya simu inapeleka taarifa kwa programu ya duka kwamba fedha zimeingia, kiasi gani, na kwa namba ipi ya kumbukumbu. Programu inapunguza mabati 20 katika hesabu ya stoo, inaandika mauzo katika programu ya hesabu iliyo winguni, kisha inaomba risiti ya kikodi. Hili la mwisho nalo linawezekana, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina utaratibu unaoitwa VFD, ambao humwezesha mfanyabiashara kutoa risiti kwa programu badala ya ile mashine iliyoanza kutumika mwaka 2010.

Faida ya kwanza ni ulinzi. Wizi wa kutumia ujumbe bandia wa malipo unafahamika vyema madukani: mteja anaonyesha ujumbe katika simu, karani anakabidhi mzigo, jioni inabainika kuwa hakuna kilichoingia. Ndiyo maana makarani wengi hulazimika kumpigia mwenye duka na kumwuliza, "Bosi, imeingia?" kabla ya kuachia mzigo. Bosi akiwa msibani au safarini, biashara inasimama. Taarifa ikitoka moja kwa moja kwa kampuni ya simu kwenda katika programu ya duka, simu ya mteja haina tena nafasi ya kusema uongo.

Faida ya pili ni mkopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Manispaa za Kinondoni na Temeke zimo katika utaratibu huo. Benki nazo zinatafuta wakopaji. Lakini mkopeshaji yeyote huuliza swali moja: mauzo yako ni kiasi gani kwa mwezi? Mwenye daftari lililolowa mvua ana jibu la mdomo tu. Mwenye hesabu zinazolingana na miamala yake ana ushahidi.

Pale inapokwama

Ikiwa zana za kujenga programu ni nafuu na faida ni bayana, kwa nini maduka ya Tandale na Yombo hayajaunganishwa? Jibu ni kwamba ugumu umehama. Zamani ulikuwa katika kuandika programu. Leo uko katika kufika dirishani.

Kila kampuni ya malipo ina dirisha lake, na kila dirisha lina lugha yake. Moja linataka kiasi kiandikwe kwa namna hii, jingine kwa namna ile. Moja linajibu hapo hapo, jingine linajibu baadaye. Duka linalopokea malipo kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na ile huduma ya Tigo ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Mixx by Yas, linahitaji kuunganishwa mara nne, au kupitia kampuni ya kati yenye leseni, ambayo kwa haki kabisa hutoza ada yake. Kwa kiwanda cha Chang'ombe ada hiyo ni ndogo. Kwa muuza nafaka wa Tandale inaweza kula sehemu kubwa ya faida ya gunia.

Aidha, ipo tofauti kati ya kupokea malipo na kupewa ufunguo wa dirisha. Lipa Namba mtu anaipata kwa urahisi, ndiyo maana vibandiko vyake vimejaa hadi katika meza za wauza matunda. Ufunguo wa API ni jambo jingine. Kwa kawaida linahitaji usajili kamili wa biashara, mkataba, majaribio ya kiufundi na mtu wa kuwajibika pale hitilafu inapotokea. Masharti hayo yana sababu zake, kwani fedha za watu si mchezo. Lakini yaliandikwa kwa kumfikiria mteja mwenye idara ya kompyuta, si mwenye duka aliyejengewa programu na mpwa wake.

Serikali ilivyojiunganisha

Anayedhani kuwa jambo hili haliwezekani na atazame Serikali yenyewe. Kabla ya mwaka 2017 kila taasisi ya umma ilikuwa na namna yake ya kukusanya fedha. Mwananchi alikwenda benki, akalipa, akachukua karatasi, akairudisha ofisini, na mhasibu akakaa kuoanisha karatasi na taarifa ya benki. Karatasi bandia zilipenya.

Mwaka huo Wizara ya Fedha ilianza kutumia mfumo wa GePG. Taasisi inatoa namba ya kumbukumbu ya malipo, mwananchi analipa kwa benki au mtandao wa simu anaoutaka, na taarifa inarudi katika mfumo wa taasisi bila mtu kubeba karatasi. Leo bili ya maji ya DAWASA, ada ya leseni na faini ya barabarani vinapita katika njia hiyo.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa kompyuta kubwa. Yalikuwa ni mambo mawili: lugha moja ya dirisha kwa wote, na sheria iliyozilazimisha taasisi kuitumia. Benki haikuhitaji kujifunza lugha mia kwa taasisi mia. Swali linalofuata ni jepesi kuuliza: kilichofanyika kwa mkusanyaji mkuu wa fedha nchini kwa nini kisifanyike kwa mkusanyaji mdogo wa Mbagala?

Majirani wametufundisha nini

Nchini Kenya, Safaricom ilifungua mwaka 2017 dirisha la M-Pesa kwa watengenezaji programu na kulipa jina la Kiswahili, Daraja. Maelezo yake yaliwekwa hadharani, pamoja na uwanja wa majaribio ambamo kijana anaweza kujifunza bila kugusa fedha halisi. Hapa kwetu Vodacom nayo ina huduma ya namna hiyo kwa M-Pesa. Lakini Kenya ilikuwa na mtandao mmoja wenye wateja wengi mno kuliko wengine, hivyo dirisha moja lilitosha kuwafikia karibu wote. Tanzania ina mitandao kadhaa yenye nguvu. Ushindani huo ni neema kwa mlaji, ila unaongeza idadi ya madirisha kwa muuzaji.

Majirani wametufundisha pia hatari ya kuunganisha watu kwa amri. Uganda ilianzisha mfumo wa risiti wa EFRIS mwaka 2021, na Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakiupinga. Kenya ilianza eTIMS mwaka 2023, na kuanzia Januari 2024 gharama zisizo na ankara ya mfumo huo zikaacha kutambuliwa katika hesabu za kodi. Sisi wenyewe tunakumbuka mashine za EFD zilivyopingwa mwaka 2013 na maduka ya Kariakoo yalivyofungwa Mei 2023 na tena Juni 2024 kwa malalamiko ya kikodi.

Somo ni hili: mfanyabiashara akiona kwamba muunganisho unafanya kazi upande mmoja tu, yaani unampa mtoza kodi macho lakini haumpi yeye hesabu zake, atauchukia na atatafuta namna ya kuukwepa. Ukimpa kwanza faida ya kujua stoo yake, madeni yake na mwizi wake, risiti ya kodi itakuwa tawi la mti aliokwisha kuupanda mwenyewe.

Wingu nalo huchafuka

Hata hivyo, si vyema kuuza habari hii kana kwamba haina kasoro. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchini na ikachukua siku kadhaa kabla ya kuanza kurejea. Aliyekuwa na orodha ya wateja wake katika kompyuta iliyo Afrika Kusini au Ulaya hakuweza kuifikia, ilhali mwenye daftari aliendelea kuuza.

Kwa mantiki hiyo, programu ya duka la Temeke haina budi kujengwa kwa kudhani kwamba mtandao utakatika. Mauzo yaandikwe kwanza katika simu yenyewe, kisha yapelekwe winguni njia ikifunguka. Kila muamala uwe na namba ya kumbukumbu isiyojirudia, ili ukitumwa mara mbili kwa sababu ya mtandao dhaifu usihesabiwe mara mbili. Mambo haya mawili yakisahauliwa, muunganisho utaleta makosa mapya badala ya kuondoa ya zamani.

Hatari nyingine ni ya mwenye zana kubadili nia. Google ilikuwa na zana ya kujengea programu iitwayo App Maker. Iliifunga Januari 19, 2021, na programu zilizojengwa humo zikaacha kufanya kazi. Anayejenga juu ya kiwanja cha mwingine lazima ajue namna ya kuhama. Kabla ya kulipia mwezi wa kwanza, aulize: je, naweza kuchukua taarifa zangu zote katika faili la kawaida nikaondoka nazo?

Ufunguo ni wa nani

Swali zito kuliko yote ni la umiliki. Katika miunganisho mingi ya biashara ndogo, anayefungua akaunti ni fundi. Barua pepe ni yake, nywila ni yake, ufunguo wa API uko katika kompyuta yake. Siku wakikosana, au fundi akipata ajira Dodoma, mwenye duka anabaki na programu asiyoweza kuiingia. Vivyo hivyo ufunguo ukiandikwa ndani ya ukurasa wa wavuti unaoonekana na kila mtu, au ukitumwa katika kundi la WhatsApp, ni sawa na kuning'iniza ufunguo wa duka mlangoni.

Zipo pia taarifa za wateja. Majina, namba za simu na madeni ya majirani si mali ya kuchezea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamgusa kila anayekusanya taarifa hizo, na inaweka masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Wengi wanaojenga programu hizi hawajui kwamba kubofya kitufe kimoja kunaweza kuzipeleka taarifa za wakazi wa Keko hadi Marekani.

Madhara ya uzembe huo tumekwisha kuyaona. Watu waliokopa kwa programu za simu walishuhudia ndugu na mabosi wao wakipigiwa simu za vitisho, kwa kuwa programu zilichukua orodha nzima ya namba zilizomo katika simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Dirisha lililofunguliwa bila mlinzi huingiza wezi pamoja na wateja.

Nini kifanyike

Kwanza, Benki Kuu, ambayo kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 ndiyo msimamizi, ipanue kazi iliyoianza kwa TIPS. Kama fedha zimepata lugha moja, taarifa ya malipo kwa muuzaji nayo ipewe lugha moja, ili programu iliyojengwa kwa mtandao mmoja ifanye kazi kwa mingine yote. Kuwe na daraja la masharti mepesi kwa muuzaji mdogo anayetaka kusoma tu malipo yaliyoingia kwake, bila uwezo wa kuhamisha hata senti. Anayesoma tu hana hatari sawa na anayehamisha fedha, na hapaswi kubebeshwa masharti sawa.

Pili, TRA iufanye utaratibu wa VFD ueleweke kwa Kiswahili chepesi, pamoja na uwanja wa majaribio ulio wazi kwa vijana. Kijitonyama, ndani ya Kinondoni hiyo hiyo, kuna Tume ya Sayansi na Teknolojia na kituo chake cha ubunifu cha Buni. Kazi ya kuandaa mifano inayonakilika ya kuunganisha duka, malipo na risiti ingefaa sana kufanyika hapo.

Tatu, wenyewe wafanyabiashara wasiingie kwa pupa. Aanze na muunganisho mmoja unaomwumiza zaidi kichwa, mara nyingi ni ule wa malipo na daftari la mauzo. Akaunti zote zifunguliwe kwa jina na barua pepe ya biashara. Nakala ya hesabu ichukuliwe kila wiki. Ufunguo ubadilishwe kila fundi anapoondoka. Na kabla hajaliacha daftari la karatasi, aviendeshe vyote viwili sambamba kwa mwezi mzima na kulinganisha kila jioni, mpaka tofauti iwe sifuri.

Mitandao ya simu ilipokubaliana mwaka 2014, wapo waliodhani kuwa kampuni zinazoshindana haziwezi kufunguliana milango. Zilifunguliana, na hakuna iliyokufa kwa sababu hiyo. Hatua iliyobaki ni ndogo kuliko ile, nayo ni ya kuhakikisha kwamba shilingi inapovuka kutoka mtandao hadi mtandao, habari yake inafika pia katika hesabu za aliyeitolea jasho.